Kumfungulia Mwanamke Mlango: Heshima, Ubaguzi, au Kuna Njia ya Tatu?

Mwanamume anayemfungulia mwanamke mlango, anayempisha kwenye kiti, anayempokea mzigo au anayelipa bili ya wote wawili hufanya hivyo mara nyingi kwa sababu alilelewa akiambiwa kwamba huo ndio uungwana. Tendo hilo hilo laweza kupokewa kwa shukrani na mwanamke mmoja, na mwingine akalipokea kwa kinyongo, akihisi kwamba ameambiwa bila maneno kuwa hajiwezi. Wote wawili wana sababu zao. Kwa yeyote anayelazimika kuchagua mwenendo wake katika jambo hili, awe mwanamume anayetaka kutenda vyema, mwanamke anayejiuliza akubali au akatae, mzazi anayelea watoto, au kiongozi wa watu kazini, njia zilizopo ni tatu: kuzihifadhi adabu hizi kama zilivyorithiwa, kuziacha kabisa, au kuzigeuza ziwe adabu za mtu yeyote kwa mtu yeyote kulingana na haja iliyopo.

Nitazilinganisha njia hizo kwa kuuliza mambo matatu: anayetendewa anapata nini hasa, anatarajiwa kurudisha nini, na nini hutokea anaposema hapana. Swali la tatu ndilo ninalolipa uzito mkubwa, kwa kuwa nia ya mtendaji imefichika moyoni mwake, ilhali namna anavyopokea kukataliwa huonekana na kila aliyepo.

Wanaozitetea wana hoja

Hoja ya kuzihifadhi adabu hizi ina uzito kuliko wapinzani wake wanavyopenda kukiri. Watetezi husema kwamba wanaume kwa wastani wana nguvu zaidi za mwili, na kwamba nguvu hizo zimetumika mno kuwaumiza wanawake. Kwa hiyo desturi inayomfunza mvulana tangu utotoni kuzitumia nguvu zake kumhudumia mwingine ni jambo la thamani lisilopaswa kutupwa kwa wepesi. Mvulana aliyezoezwa kusimama ili mwingine aketi amejifunza kutazama nani yuko chumbani pamoja naye, na somo hilo ni gumu kulifundisha kwa mihadhara. Tena, wanawake wengi wamezoea kudharauliwa hadharani, kukatizwa maneno na kushikwashikwa bila ridhaa; baada ya hayo, mwanamume anayewapisha kwa upole huwa faraja ya kweli kwao. Wasomi wanaoidharau faraja hiyo, kwa maoni yangu, huzungumza kutoka mahali palipo salama mno.

Watetezi huongeza kwamba si kila mazoea ni itikadi. Anayefungua mlango hafikirii historia ya sheria za ndoa. Anafungua mlango tu. Hilo ni kweli, lakini halimalizi mjadala, kwa sababu mazoea yanaweza kubeba fikra ambayo mtendaji hakuichagua yeye mwenyewe.

Wanaozipinga wanatazama mbali zaidi

Shaka juu ya adabu hizi haikuzaliwa jana. Mwaka 1792 mwandishi Mwingereza Mary Wollstonecraft aliandika kwamba ilikuwa vigumu kwake kujizuia asicheke anapomwona mwanamume akikurupuka kwa wasiwasi mwingi kuokota leso au kufunga mlango, ilhali bibi mwenyewe angeweza kulifanya jambo hilo kwa kusogea hatua moja au mbili. Hakuwa akipinga wema. Alichokiona ni kwamba heshima ndogo ndogo zilitolewa kwa wingi mahali ambapo heshima kubwa, yaani elimu, uhuru wa kufikiri na uwezo wa kujitegemea, zilinyimwa, na kwamba zile ndogo zilisaidia kuufunika unyimwaji huo.

Sheria za nchi yake zilithibitisha alichokisema. Mwanasheria William Blackstone, ambaye maelezo yake ya sheria za Uingereza yalianza kuchapishwa mwaka 1765, alieleza jinsi nafsi ya mwanamke mbele ya sheria ilivyositishwa anapoolewa na kuingizwa katika nafsi ya mumewe. Kisha akahitimisha kwamba hata vizuizi alivyowekewa mke vilikusudiwa kwa sehemu kubwa kumlinda na kumnufaisha, kwa jinsi wanawake walivyopendelewa na sheria hizo. Mke huyo aliyependelewa hakuwa na mamlaka juu ya mshahara wake mwenyewe. Ilibidi kusubiri sheria za mwaka 1870 na 1882 ndipo wanawake walioolewa nchini humo walipopata haki ya kumiliki kipato na mali zao. Kwangu mimi huu ndio ushahidi mzito kuliko wote dhidi ya njia ya kwanza: lugha ya kumtunza mwanamke na sheria ya kumnyang'anya ziliweza kukaa katika ukurasa mmoja bila kuonekana kugombana.

Isitoshe, adabu hizo hazikuwahi kuwa za wanawake wote. Sojourner Truth, aliyezaliwa utumwani Marekani, alisimama mwaka 1851 katika mkutano wa haki za wanawake huko Akron, Ohio, na ingawa hotuba yake iliandikwa na watu tofauti kwa namna zisizofanana, mojawapo ya kumbukumbu za mwanzo inamwonyesha akieleza kwamba alilima, akavuna na kukata kuni, na akauliza kama kuna mwanamume awezaye kufanya zaidi ya hayo. Waliosema kwamba mwanamke ni kiumbe dhaifu wa kubebewa mizigo walikuwa wakiwatazama wanawake wenye mizigo mizito vichwani bila kuwaona. Adabu inayochagua ni mwanamke yupi anayestahili haiwezi kuitwa heshima kwa wanawake. Ni alama ya cheo.

Utafiti umesema nini

Mwaka 1996 wanasaikolojia Peter Glick na Susan Fiske wa Marekani walipendekeza kwamba ubaguzi dhidi ya wanawake una sura mbili. Ya kwanza ni ya uhasama, inayomwona mwanamke kuwa mjanja anayetaka kumtawala mwanamume. Ya pili ni ya hisani, inayomsifu kuwa msafi wa moyo na mpole kuliko mwanamume, na kwa sababu hiyo anastahili kulindwa na kutunzwa. Mtu angedhani kwamba sura hizi zinapingana, na kwamba mahali penye hisani nyingi uhasama hupungua. Mwaka 2000 wao na wenzao walichapisha matokeo kutoka nchi 19, yaliyohusisha watu zaidi ya 15,000, na picha ikawa kinyume: nchi ambazo uhasama ulikuwa mkubwa ndizo ambazo hisani nayo ilikuwa kubwa, na huko ndiko usawa wa kijinsia ulikokuwa mdogo zaidi kwa vipimo vya Umoja wa Mataifa.

Ni lazima tuwe waangalifu hapa. Uhusiano wa takwimu hauthibitishi kwamba kufungua mlango kunasababisha wanawake kukosa uongozi, na anayeutumia utafiti huu kumshutumu mtu mmoja aliyempisha mwingine kwenye kiti anaupotosha. Unachobomoa ni ile dhana kwamba hisani ni dawa ya uhasama. Maelezo yanayoniridhisha ni kwamba mbili hizi hugawana kazi: hisani ni tuzo ya mwanamke anayekaa ndani ya mipaka aliyowekewa, na uhasama ni adhabu ya anayetoka nje yake. Kila aliyewahi kumwona mwanamume mpole akigeuka mkali ghafla baada ya mwanamke kumkataa atalitambua jambo hili.

Mwaka 2007 Benoit Dardenne na wenzake nchini Ubelgiji walichapisha majaribio ambamo wanawake walifanya mtihani unaofanana na usaili wa kazi. Walioelezwa kwa lugha ya upole na ulinzi, kana kwamba wangehitaji kusaidiwa kwa sababu ya jinsia yao, walifanya vibaya kuliko hata wale walioelezwa kwa lugha ya dharau. Dharau ya wazi hutambulika mara moja, na aliyedharauliwa hujikaza. Maneno matamu yenye shaka ndani yake hayatambuliki kwa urahisi kuwa ni tusi, kwa hiyo anayeyasikia hubaki akijitilia shaka yeye mwenyewe wakati anapohitaji akili yake yote iwe kwenye kazi.

Upande wa pili nao una ushahidi wake. Mwaka 2019 Pelin Gul na Tom Kupfer walionyesha kwamba wanawake katika tafiti zao walivutiwa zaidi na wanaume wenye mitazamo hiyo ya hisani, ingawa waliitambua wazi hatari ya kudunishwa nao. Waliichukua hisani hiyo kuwa dalili ya mwanamume aliye tayari kujitoa na kujali. Matokeo haya yawanyamazishe wanaodai kwamba mwanamke anayependa kufunguliwa mlango hajui anachokipenda. Anajua, na amepima.

Tendo moja moja

Mlango na kiti ni mambo mepesi kuliko kelele zinazoyazunguka. Anayefika kwanza mlangoni aushike kwa ajili ya anayefuata, awe nani, na aliyeketi ampishe mjamzito, mzee, mgonjwa au aliyembeba mtoto. Hapa njia ya tatu inashinda bila taabu, kwa sababu mhitaji hapotezi chochote, na mwanamke kijana mwenye afya hana sababu ya kuketi huku mwanamume mzee amesimama. Kuhusu mzigo, neno moja la kuuliza linatosha. Kumnyakulia mtu begi lake bila idhini si adabu hata kama aliyelinyakua ana tabasamu.

Bili ni jambo zito zaidi. Wakati ambapo wanawake wengi hawakuwa na kipato chao wenyewe, mwanamume kulipa hakukuwa hisani bali matokeo ya mgawanyo wa mali usio wa haki. Ilikuwa ama alipe yeye ama wasitoke kabisa. Leo mwanamke anayelipiwa mara nyingi hupata chakula pamoja na deni lisiloandikwa popote, na wapo wanaume wanaokuja kulidai usiku huo huo. Kwa kipimo cha swali la pili, yaani nini kinatarajiwa kurudishwa, desturi hii ndiyo hatari kuliko zote za maisha ya kila siku. Kuigawa bili nusu kwa nusu kila mara si lazima kuwe haki, hasa ikiwa mmoja anapata kipato kikubwa mara kadhaa kuliko mwenzake. Kanuni ninayoipendekeza ni kwamba aliyealika ndiye alipe, na aliyealikwa awe huru kualika siku nyingine. Na mwanamke anayesisitiza kulipa sehemu yake aachwe alipe bila kubembelezwa mara tatu.

Kusindikizwa usiku kunahitaji utulivu, kwa sababu hatari inayowakabili wanawake njiani ni ya kweli na kuipuuza kwa jina la usawa ni kutojali. Anayesema "Ungependa nikusindikize?" amemwongezea mwanamke hiari moja. Anayesema "Huwezi kwenda peke yako" amempunguzia. Miguu itakayotembea ni ile ile na njia ni ile ile, lakini katika hali ya pili mwanamke amefanywa mtoto, na mara nyingi hatua inayofuata ni kuambiwa kwamba basi asitoke kabisa. Ulinzi unaoishia kumfungia ndani anayelindwa na kumwacha huru anayetisha umekosea mtu wa kumzuia.

Kuna pia ile adabu kubwa kuliko zote, ya kuwaokoa wanawake na watoto kwanza chombo kinapozama. Meli ya Titanic ilipozama mwaka 1912, takribani robo tatu ya wanawake walinusurika, ilhali kwa wanaume ilikuwa takribani mmoja katika kila watano. Wapo wanaume waliojitoa usiku ule, na kuwakejeli leo ni utovu wa shukrani. Lakini katika daraja la kwanza karibu wanawake wote waliokolewa, na katika daraja la tatu walinusurika takribani nusu tu. Kisha mwaka 2012 wachumi Mikael Elinder na Oscar Erixson wa Sweden walichapisha uchambuzi wa ajali 18 za meli katika kipindi cha karne tatu, na wakakuta kwamba kwa jumla wanawake walinusurika kwa kiwango cha chini kuliko wanaume, na kwamba mabaharia na manahodha walijiokoa zaidi kuliko abiria. Titanic ilikuwa tofauti, na amri ya nahodha ndiyo iliyoleta tofauti kubwa. Ninaliona somo kwa wanaozitegemea adabu za hiari: siku ya hatari, kinachomwokoa mnyonge ni utaratibu unaosimamiwa, kwa kuwa hisia za uungwana peke yake mara nyingi huzama mapema.

Kazini, ambako adabu hugharimu

Mahali ambapo adabu za jadi huumiza zaidi ni kazini, na hapo sioni nafasi ya njia ya kwanza hata kidogo. Meneja asiyempa mwanamke safari ngumu "kwa kumwonea huruma kwa sababu ana mtoto mchanga" bila kumuuliza, anayemficha ukweli kuhusu makosa yake ili asimuumize, au anayemchagulia kazi nyepesi ili asichoke, humnyima uzoefu utakaohesabiwa siku ya kupandishwa cheo. Yeye hujiona mwema, na mwanamke hana tusi la kulishtakia. Baba mwenye mtoto mchanga, kwa upande wake, hutumwa bila kuonewa huruma wala kuulizwa.

Sheria za kazi zimepitia safari hiyo hiyo kwa miaka mingi. Mwaka 1908 Mahakama Kuu ya Marekani, katika shauri la Muller dhidi ya jimbo la Oregon, iliruhusu siku ya kazi ya wanawake katika sehemu kama za kufulia nguo iwekewe ukomo wa saa 10, kwa hoja ya maumbile yao na uzazi. Miaka mitatu kabla yake mahakama hiyo hiyo ilikataa ukomo wa namna hiyo kwa wafanyakazi wa viwanda vya mikate. Wanawake waliochoka walipumzika, na hilo lilikuwa jema. Lakini hoja ya kuwalinda ilipokwisha kukubalika, ilitumika pia kuwafungia milango: mwaka 1948, katika shauri la Goesaert dhidi ya Cleary, mahakama iliridhia sheria ya Michigan iliyomzuia mwanamke kupewa leseni ya kuhudumu baa isipokuwa awe mke au binti wa mwenye baa mwanamume. Mwaka 1973 ndipo Jaji William Brennan, katika shauri la luteni wa jeshi la anga Sharron Frontiero, aliyetakiwa kuthibitisha kwamba mumewe anamtegemea ilhali wanajeshi wa kiume hawakutakiwa kuthibitisha lolote kuhusu wake zao, alipoandika kwamba ulezi huo wa kimahaba uliwaweka wanawake ndani ya tundu, wala haukuwainua juu.

Mfano wa njia ya tatu upo pia, na ni wa kuigwa. Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mwaka 1919 mkataba uliokataza wanawake kufanya kazi za viwandani usiku. Mwaka 1990 lilipitisha mkataba mwingine unaowahusu wafanyakazi wa usiku wa jinsia zote, ukitaka afya na usalama wao viangaliwe, huku ukibakiza kinga mahususi kwa wajawazito na waliojifungua. Vivyo hivyo, mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1979 wa kutokomeza ubaguzi dhidi ya wanawake unataka mila zinazomweka mmoja chini ya mwingine zibadilishwe, na papo hapo unasema kwamba kulinda uzazi hakuhesabiwi kuwa ubaguzi. Kinachotazamwa ni haja yenyewe: usiku unamchosha kila mtu, mimba ni ya mwenye mimba.

Ipi ichaguliwe

Njia ya kuziacha adabu zote ina mvuto wa uwazi, kwa kuwa hakuna anayedaiwa wala anayedunishwa. Udhaifu wake ni kwamba wanaoanza kuziacha huwa ni wanaume ambao hawakuwa na nia ya kuacha kingine chochote. Mwanamume aliyesema "mlitaka usawa" huku akimwacha mwenzake abebe mzigo wa soko, watoto na jiko hajafika kwenye usawa. Amejipunguzia kazi tu. Kwa hiyo mwenye kuchagua njia hii anapaswa kuanza na kazi za nyumbani, kisha ndipo afikie milango na viti.

Njia ya kwanza ninaikubali katika hali moja tu, ambayo ni makubaliano ya wapendanao. Mume na mke wanaofurahia desturi za zamani hawana wa kumwomba ruhusa, mradi mke anajua akiba ya nyumba ni kiasi gani, jina lake limo katika hati ya mali, na neno lake linahesabiwa wanapoamua mahali pa kuishi. Pasipo hayo, wanarudia ule ukurasa wa Blackstone.

Kwa wengine wote, na hasa kwa watu wasiofahamiana na kwa wafanyakazi wenza, ninachagua njia ya tatu bila kusita: uliza, msaidie mwenye haja awe wa jinsia yoyote, usidai chochote, na ukikataliwa jibu "sawa" kisha uendelee na mazungumzo yaliyokuwapo. Mwanamke naye hana wajibu wa kumfundisha kila mwanamume historia hii. Anayetaka kupita mlango ulioshikiliwa apite na ashukuru, na asiyetaka aseme hivyo kwa upole bila kuhitaji kutoa sababu. Mzazi mwenye watoto wa kike na wa kiume awafundishe wote wawili kupisha wazee, kubeba mizigo, kulipa wanapoalika na kukataa wasichokitaka, na mvulana azoee mapema kuambiwa "ahsante, nitabeba mwenyewe" bila kuona kwamba amepungukiwa na kitu.